Kerttu Hajavutwa

Jumapili, 14 Novemba 2010

Siku ya Akina Baba. Ya kwanza bila Baba. Nimepiga kinanda ibada nzima nikikodolea noti tu, nisije nikaangua kilio mbele ya mchungaji. Baadaye makaburini na Ensio. Kaka yangu kaja na treni kutoka Helsinki, kavaa lile koti lake refu la sufu nyeusi ambalo hataki hata unywele wa mbwa uliguse. Tukawasha mshumaa. Upepo ukauzima. Tukawasha tena.

Kisha ghalani. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kerttu, gari la Baba, yuko palepale alipomwacha, chini ya turubai, kando ya mashine ya kukatia nyasi. Mwekundu, viti viwili, paa la kitambaa, anasukumwa na magurudumu ya nyuma. Baba alimnunua akiwa na miaka sabini, mwaka mmoja tu baada ya kumzika Mama. Kijiji kizima kilishika mdomo. Ensio hakushika wake. Alisema mzee kachanganyikiwa – na alimwambia usoni.

Leo kasema tumuuze. Hakuvua hata glavu! Mtu wa Kuopio yuko tayari, anamtaka theluji ikiyeyuka. Gari la kuendeshwa nusu mwaka si gari, kasema, ni pambo. Na mimi nikijitia kuliendesha wakati wa baridi nitajiua. Ensio ni mwanasheria wa bima. Kila akitazamacho anakiona kimeshapata ajali.

Nikamwambia – sijui maneno niliyatoa wapi! – basi mimi nitamwendesha baridi yote. Na theluji yake, na barafu yake.

Kacheka kwa pua. Kasema kabla ya Krismasi nitakuwa mtaroni, jirani Eelis ananivuta kwa trekta.

"Na nisipovutwa, kaka?"

"Utavutwa."

"Na nisipovutwa?"

Tukapeana mikono juu ya boneti. Mpaka siku barabara ya barafu, ile ya juu ya ziwa lililoganda, itakapofungwa, Kerttu asipovutwa, anabaki nyumbani. Akivutwa, hata mara moja, anakwenda Kuopio. Mwamuzi ni Eelis. Mtu akishavutwa na Eelis kijiji hiki, basi atasimuliwa kwenye kila meza ya kahawa mpaka siku ya mazishi yake, na siku hiyo pia. Eelis hasemi uongo. Mbaya zaidi, hasahau.

Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa kwaya! Nimefanya nini?


Alhamisi, 18 Novemba

Nimempeleka Kerttu gereji mjini Lieksa kuvalishwa matairi yenye misumari. Fundi kaingia chini yake, halafu kaniita. Nyuma ya bampa ya mbele kuna plagi. Plagi ya hita ya injini, ya kuchomekwa umeme usiku wa baridi!

Nikamwambia haiwezekani. Gari la kiangazi tupu. Baba alikuwa anamfunika Septemba na kumfunua Mei, kila mwaka, bila kukosa. Gari la kiangazi linataka hita ya nini?

Fundi kasema Baba mwenyewe ndiye aliyeomba iwekwe. Zamani kidogo. Alimwambia, siku moja utaniona napita hapa Januari.

Nikasimama pale na kikombe cha kahawa mkononi. Baridi zote zile Baba alizokuwa akijifungia ghalani, anakaa ndani ya Kerttu na kofia yake ya sauna kichwani, redio inaimba, mikono kwenye usukani! Tukidhani anamlilia Mama. Labda alikuwa anamlilia. Lakini kumbe mzee alikuwa pia anapanga! Nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi ya kweli, fundi wa watu akajifanya anatafuta spana.

Ensio simwambii. Bado.


Jumamosi, 20 Novemba

Theluji imeshika!!

Nimejifunza leo, uwanja wa maegesho nyuma ya kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Mara ya kwanza nilikanyaga mafuta kama nilivyozoea kwenye gari langu la zamani – nikajikuta natazama nilikotoka. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nikauona mnara wa kanisa ukipita mbele ya kioo mara mbili.

Bibi Helvi alikuwa pembeni yangu. Anaimba sauti ya pili tangu kabla sijazaliwa, na mimi ndiye ninayempeleka nyumbani kila Jumamosi. Nikamtazama nikidhani roho imeshamtoka. Kakumbatia mkoba wake, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Tena," kasema.

Basi tena! Na tena! Siri ni mkono mwepesi na mguu mwepesi zaidi. Mkia ukienda kulia, usukani nao unaufuata kulia. Breki usiguse. Kuondoka, gia ya pili, si ya kwanza. Ya kwanza ina haraka, inachimba shimo tu. Na buti isiwe tupu. Nimeweka mifuko miwili ya mchanga juu ya magurudumu ya nyuma, Kerttu katulia papo hapo.

Ile sekunde mkia unapoteleza, halafu unaushika! Sijacheka hivi tangu Oktoba tulipomzika Baba.


Jumatatu, 6 Desemba

Siku ya Uhuru. Aibu! Aibu ya mwaka!

Digrii ishirini na mbili chini ya sifuri, kwa hiyo Kerttu alilala kwenye umeme, hita inampasha injini, raha mustarehe. Asubuhi nimechelewa. Nikaingia, nikawasha, nikaondoka. Nikasikia kitu nyuma, tak, tak, tak. Nikasema barafu tu hiyo. Nimepita dukani, nimepita shuleni, nimepita kwa mchungaji. Watu wananipungia mkono. Nami nawapungia, nikijua leo nimependeza!

Waya. Waya wote wa umeme, rangi ya chungwa, mita kumi, unaburuzwa nyuma yangu kijiji kizima. Nilisahau kuuchomoa.

Si mimi wa kwanza. Kila mtu huku amewahi kuondoka na waya. Lakini wengine huondoka nao hadi getini, si hadi kanisani.

Tukasimama kwenye makaburi ya askari, kofia mkononi, shada la maua lina riboni ya bluu na nyeupe, kimya kabisa. Eelis kasogea. Uso mkavu kama gogo. Kaninong'oneza:

"Mwalimu, mbwa umemwacha wapi? Nimeona kamba tu."

Nilijiuma shavu mpaka nikaonja damu. Dakika ya kimya! Ya mashujaa!

Baadaye kwenye kahawa nikamuuliza kwa hofu kama hiyo inahesabika. Kamba ilikuwepo, hata hivyo. Eelis kafikiri sana. Kala mkate wa iliki wote kwanza. Halafu kasema hapana: pale kamba haikumvuta Kerttu, Kerttu ndiye aliyeivuta kamba.

Mungu ambariki mtu huyu kwa kupenda haki.


Ijumaa, 24 Desemba

Ibada tatu. Vidole vimekufa. Theluji inaanguka taratibu bila upepo. Makaburini mishumaa mamia, na Kerttu kaegeshwa getini na shada dogo la msonobari kwenye bampa (Bibi Helvi huyo).

Ensio kapiga simu. Kaniuliza kama nimeshavutwa. Nikamtakia Krismasi njema. Kauliza tena. Nikamtakia tena.


Jumatano, 12 Januari 2011

Lazima niandike leoleo kabla Ensio hajabadilisha maneno.

Mazoezi ya ziada ya kwaya yamekwisha, natoka maegesho, greda la theluji limeshapita na kuacha tuta kubwa mdomoni mwa njia. Nikasema nitalipita kwa kasi kidogo. Kerttu kalipanda nusu. Tumbo juu ya tuta, magurudumu ya nyuma yanazunguka hewani kama feni. Nikaiona Kuopio kabisa, nikamwona mtu mwingine kabisa anaweka mkono kwenye gia ya Baba.

Halafu mlango wa kanisa ukafunguka, kwaya ikatoka.

Hawakuuliza kitu. Sauti nzito walishika bampa, sauti nyembamba wakashika milango, Bibi Helvi kasimama mbele anawaongoza kwa fimbo yake ya kutembelea. Wamesukuma huku wanaimba! Ule wimbo wa Kwaresima, wa polepole, ambao siku zote wanauburuza hata nikiwafokea vipi – leo wameuimba kwa kasi inayotakiwa. Kerttu katoka tutani kama kizibo.

Eelis alikuwa ng'ambo ya barabara, trekta linanguruma, kamba imeshatoka. Kairudisha kamba. Kaandika kitu kichwani mwake, nilimwona.

Usiku simu. Eelis ameshatoa taarifa, bila chumvi wala sukari. Ensio anaongea kama ameshashinda.

"Irja, umekwama, umetolewa, biashara imekwisha."

"Tulisema nini, kaka? Neno tulilosema ni lipi?"

Nikamsikia anapekua karatasi.

"Tulisema asivutwe. Huyu hakuvutwa. Amesukumwa."

Kasema huo ni ujanja wa kitoto. Nikamwambia ujanja wa kitoto ndio unaokulisha wewe kule Helsinki, mtu akija na nyumba imeungua unamuuliza kama imeungua au imeunguzwa. Nimesikia mkewe anacheka nyuma.

Halafu kasema, kwa sauti yake ya ofisini: vizuri. Uamuzi ni kwamba kusukuma si kuvuta. Lakini kuanzia leo macho yake yatakuwa wazi.

Nimezunguka jikoni nikicheza peke yangu, soksi za sufu, sakafu inateleza. Nimepiga mkia kwenye kona ya friji.


Jumamosi, 29 Januari

Digrii thelathini na tatu chini. Paa la kitambaa gumu kama bati. Pumzi yangu inaganda kwenye kioo kwa ndani, nakwangua huku naendesha. Magari mawili ya majirani hayakuwaka leo, yale makubwa ya kusukuma magurudumu yote manne. Kerttu kawaka mara moja.

Nimevaa kofia ya sauna ya Baba, ile nene ya manyoya ya kondoo. Bado ilikuwa kwenye kisanduku cha dashibodi. Inanukia moshi na lami ya msonobari.


Jumapili, 13 Februari

Barabara ya barafu imefunguliwa! Wameikwangua wiki nzima, wamechomeka vimisonobari pembeni, wameweka ubao wa sheria. Kutoka ufukweni kwetu moja kwa moja hadi Koli, ng'ambo.

Bibi Helvi kasema akikosa kwenda siku ya kwanza atakufa kabla ya siku ya pili. Amekula chumvi nyingi na anajua kuitumia. Basi twende.

Ufukweni nikasimama, nikafungua mkanda wangu, nikafungua wake, nikateremsha vioo. Mwaka jana wanafunzi wa muziki kutoka kusini walinitazama kama nimerukwa na akili nilipowafungulia yao. Lakini kwenye barafu mkanda unafunguliwa, kila mtoto wa huku anajua. Nchi kavu mkanda unakuokoa. Juu ya maji unakuzamisha. Na sheria nyingine: usimfuate mwenzako karibu, na usisimame. Kamwe usisimame.

Hatukusimama! Mbele yetu weupe mtupu, mlima wa Koli umevaa jua, njia pana kama uwanja wa ndege. Hakuna mtaro, hakuna mti. Bibi Helvi kanitazama. Nikajua anachotaka. Nikamgusa Kerttu mafuta kidogo tu, mkia ukatoka, nikaushika, ukatoka upande wa pili, nikaushika. Tumekwenda hivyo, kulia kushoto, kulia kushoto, bila haraka. Bibi Helvi anapiga kelele za furaha kwa sauti ya pili. Hata kelele zake zina sauti ya pili!

Kurudi kasema marehemu mumewe alikuwa na pikipiki, ila alikuwa mwoga. Miaka hamsini hakuwahi kumwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Kasema kwa sababu mimi si mwoga tena.

Tena? Nimelifikiria hilo neno jioni yote.


Jumanne, 8 Machi

Jumanne ya kuteleza, kesho Kwaresima. Watoto mlimani na sleji, mikate ya krimu kila meza, supu ya mbaazi. Mimi nilikuwa shimoni.

Na wapi? Getini kwa Eelis mwenyewe! Theluji ya Machi ni mbaya, mchana inayeyuka, usiku inaganda, juu maji na chini kioo. Nilikuwa nampelekea mkate wa krimu, ustaarabu tu wa kijirani. Kerttu kateleza polepole, polepole mno, kwa heshima kabisa, akakaa mtaroni na gurudumu moja la nyuma.

Eelis katoka na chupa ya kahawa. Kakaa juu ya trekta lake. Kamimina kikombe.

Nikachimba. Nikamwaga mchanga wa mfuko mmoja. Nikajaribu – anazunguka tu. Nikakata matawi ya msonobari, nikayalaza chini ya tairi. Anazunguka tu. Peke yangu siwezi kusukuma na kuendesha. Barabara tupu, wote wako mlimani. Jua limeanza kushuka, nimelowa hadi magotini, na nikakaa juu ya theluji nikasema kwa sauti, Baba, nimechoka.

Eelis kashuka. Kaja karibu. Kasema kwa upole kabisa kwamba angeweza kuvuta kidogo. Mkono mmoja tu wa kamba. Hakuna anayeona.

"Na Ensio akikuuliza?"

Kafikiri. Uso umemkunjamana.

"Nitamwambia," kasema. Maskini. Hata kusaidia kwa siri hajui.

Tulicheka wote wawili. Nimemwona Eelis akicheka kwa mara ya pili maishani. Akanipa sepetu lake zuri, la chuma, na kasema sepetu halivuti. Nikachimba upya, kutoka mbele, nikatoa hewa kwenye tairi za nyuma kidogo zilale pana. Gia ya pili. Mguu wa paka. Kerttu kapanda! Kapanda mwenyewe, jamani, mwenyewe!!

Mkate wa krimu nilikuwa nimeukalia. Tumeula hivyohivyo.


Alhamisi, 24 Machi

Redioni: barabara ya barafu itafungwa Jumatatu asubuhi. Bado nene, lakini fukwe zimeanza kulainika.

Siku nne. Siku nne tu na Kerttu hajavutwa.

Ensio kasema anakuja Jumapili. Yule wa Kuopio ameshampigia mara mbili. Kasema anataka kuwepo mwenyewe siku ya mwisho, ashuhudie. Nikamuuliza ashuhudie nini. Kasema, chochote kitakachotokea. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, nusu ya ofisini na nusu ya zamani, ya pale tulipokuwa tunaiba sukari.


Jumapili, 27 Machi

Naandika kwa penseli ya noti, daftari juu ya usukani, ndani ya Kerttu, katikati ya ziwa. Tumekwama. Mwandiko unayumba. Si kwa hofu! Kwa kicheko.

Nianze mwanzo.

Asubuhi saa zimesogezwa mbele, nusura niikose ibada. Ensio kaketi benchi la mbele kanisani na koti lake. Baada ya ibada nilitaka kuingia nyumbani nipike, yeye akasimama uani anamtazama Kerttu. Anamzunguka. Kauliza kama kweli alikuwa anawaka Januari. Hapo nikaona wakati umefika. Nikamwambia apige magoti.

"Nini?"

"Piga magoti, kaka. Tazama nyuma ya bampa."

Kapiga magoti kwenye theluji chafu. Na koti! Kaiona plagi. Nikamweleza yote, fundi alivyosema, siku moja utaniona napita hapa Januari. Ensio hakuinuka. Kaigusa plagi kwa kidole, kaifunika kifuniko chake, kakifunua, kakifunika.

"Alinialika," kasema. "Kila kiangazi. Njoo tuzunguke, Ensio, nikuonyeshe. Nikamwambia mwakani. Kila mara, mwakani. Nilikuwa nimeshamwita mwendawazimu, nitakaaje tena kwenye gari lake?"

Nilimshika bega. Alilia kidogo, kwa pua, vilevile anavyocheka. Halafu kanyoosha mkono.

"Ufunguo."

Nikampa! Siku ya mwisho, mkono wa mtu asiyewahi kuendesha gari la kusukumwa nyuma, na nikampa. Ningefanyaje?

Ufukweni nikamfungulia mkanda. Kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni! Miaka thelathini na tano anawaandikia watu barua kuhusu mikanda. Kaushika kwa mikono miwili. Nikamwambia achague, bima au maji. Kauachia.

Mwanzo kaendesha kama anabeba mayai. Nikafungua kisanduku, nikampa kofia ya Baba. Kaitazama. Kainusa. Kavaa. Sijui kofia ile ina nini. Ilimshuka hadi masikioni, na mguu wake nao ukashuka. Mkia ukatoka. "Ufuate!" nikapiga kelele. Kaufuata! Ukatoka upande wa pili – kaufuata! Ensio anacheka, si kwa pua, kwa mdomo wote, meno yote nje, sijamwona hivyo tangu akiwa na miaka kumi na miwili juu ya paa la ghala. "Tena!" anasema. Sijamfundisha mimi neno hilo.

Na tena. Na tena. Na ile ya mwisho aligusa breki.

Kerttu kazunguka kwa adabu, mara mbili, akaingia kwa matako kwenye tuta la theluji pembeni, kati ya vimisonobari viwili. Puff! Kimya. Mita chache mbele yetu ule ubao: HAIRUHUSIWI KUSIMAMA.

Tulitazamana. Kisha ndipo alipokumbuka. Niliuona uso wake ukikumbuka – leo ni siku ya mwisho, Kerttu amekwama, na aliyemkwamisha ni yeye. Nikamwambia, haya, mwanasheria, umeshinda. Rangi ilimtoka.

"Nani kasema nimeshinda?" kaniuliza kwa ukali. "Toka hapo. Kaa kwenye usukani. Wewe ndiye unayejua."

Sasa anachimba kwa mikono. Mchanga umekwisha, wote, mfuko ule uliobaki. Dakika hii kasimama, kashika kiuno, anatazama tairi. Anavua koti. Ensio anavua koti! Anatafuta mahali pa kuliweka, hapana, halitafutii mahali. Analilaza chini ya tairi ya nyuma. Upande wa bitana juu. Analisokomeza kwa buti yake.

Na huyo Eelis anakuja. Trekta kaliacha mbali, barafu haitaki uzito mmoja juu ya mwingine. Anatembea na kamba begani, taratibu, kama mtu anayekwenda kufunga ng'ombe. Nasikia kila kitu, vioo viko chini.

Kafika. Katazama tuta. Katazama koti. Katazama kofia.

"Mmekwama," kasema.

"Nani kakwama?" Ensio huyo. Shati tu, mvuke unamtoka mgongoni. "Hapa hakuna aliyekwama, Eelis. Tumesimama kutazama Koli."

Eelis kageuka kuutazama ubao. Kausoma wote, hadi chini. Halafu kaitazama Koli, kwa muda mrefu, kwa haki, ili asije akasema asichokiona.

"Koli ipo," kasema.

"Ndiyo hivyo. Sasa tupa hiyo kamba, shika bampa hii. Usivute! Sukuma. Kusukuma hakuhesabiki, nilishatoa uamuzi Januari."

Kamba imeanguka kwenye theluji. Nimeisikia. Wameinama wote wawili, nawaona kwenye kioo, kofia ya Baba katikati, na Ensio ananipigia kelele niweke hilo daftari chini, gia ya pili, mguu wa paka, dada, mguu wa paka! Wanahesabu. Moja –